Fritz Pollard na mlango uliofungwa bila barua

Kwa miaka hamsini hivi, aliyefungua vitabu vya kumbukumbu vya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, akitafuta bingwa wa msimu wa kwanza kabisa, ule wa 1920, alikuta imeandikwa kwamba bingwa hakuamuliwa. Si kweli. Timu ya Akron Pros ya jimbo la Ohio ilimaliza msimu huo bila kufungwa hata mechi moja, wenye timu wakakaa kikao Aprili 30, 1921, wakapiga kura, wakaipa ubingwa. Kisha ligi ikasahau kikao chake yenyewe, na haikukumbuka mpaka miaka ya 1970. Nyota wa kikosi kile alikuwa kijana Mweusi wa umbo dogo, Frederick Douglass Pollard, ambaye watu wote walimwita Fritz.

Ukianza kusoma habari zake unaweza kuchanganyikiwa haraka. Ukurasa huu unamwita kocha wa kwanza Mweusi wa NFL, ukurasa ule unampa sifa hiyo Art Shell, aliyepewa timu mwaka 1989. Mwaka 1925 peke yake anaonekana kwenye orodha za timu tatu. Zaidi ya yote, ligi aliyoisaidia kusimama ilikuwa na wachezaji Weusi tangu siku yake ya kwanza, 13 kwa jumla hadi 1933, halafu kuanzia 1934 hadi 1945 hakuna hata mmoja, na ukitafuta karatasi iliyosema wasiruhusiwe, huipati.

Ninavyoona mimi, mafundo haya yote yamefungwa kwa kamba moja. Ligi ile changa haikuwa na mazoea ya kuandika mambo. Ulegevu huo ndio uliompa Pollard nafasi ambayo asingeipata kwenye ligi yenye taratibu kali za zama zile, na ulegevu uleule ndio uliomnyang'anya. Ukiushika uzi huo, mengine yanafunguka.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ambaye hajauzoea. Wachezaji ni kumi na mmoja kila upande, mpira una umbo la yai, na kazi ni kuusogeza mbele mpaka uvuke mstari wa mwisho wa wapinzani, ama kwa kuukimbiza mkononi au kwa kuurusha. Kuvuka huko huitwa tachidauni. Wapinzani wanaruhusiwa kukukamata mwilini na kukubwaga chini. Enzi za Pollard kofia ya ngozi ilikuwa hiari, na kikosi kilekile kilishambulia na kulinda, hivyo mtu aliweza kukaa uwanjani dakika zote sitini. Pollard alikuwa na urefu wa sentimita 175 na uzito wa kilo 75 hivi. Hata kwa vipimo vya siku zile alikuwa mdogo. Silaha yake ilikuwa kasi, na kugeuza mwelekeo wakati mkabaji keshajirusha.

Mchezo huu ulizaliwa vyuoni, na vyuoni kulipwa kulikuwa aibu. Mchezaji wa kwanza anayejulikana kupokea fedha, Pudge Heffelfinger, alilipwa dola 500 na klabu ya Allegheny ya mjini Pittsburgh kwa mechi moja ya Novemba 12, 1892. Alifunga tachidauni, timu yake ikashinda 4-0, maana wakati huo tachidauni ilikuwa na pointi nne. Malipo yalifichwa. Yalijulikana miongo mingi baadaye ilipopatikana karatasi ya mahesabu ya klabu yenye jina lake na kiasi alichopewa. Kutoka hapo futiboli ya kulipwa ikakua kwenye miji ya viwanda ya Pennsylvania na Ohio kwa mtindo ambao mpenzi yeyote wa ndondo ataufahamu mara moja: timu ina mechi kubwa Jumapili, tajiri wa timu anatafuta mamluki, mamluki anacheza, anashika fedha yake, na wiki inayofuata huenda yuko upande wa pili.

Katika soko la namna hiyo, kilichotazamwa kwanza ni kama utawaletea ushindi. Ndiyo maana mwaka 1904 timu ya Shelby, Ohio, ilimpa mkataba Charles Follis, Mweusi wa kwanza anayejulikana kulipwa kwa kucheza mchezo huu. Ubaguzi ulikuwepo, tena mkali, ila hapakuwa na ofisi ya ligi ya kuugeuza kuwa utaratibu. Kila mwenye timu aliamua kivyake.

Pollard alizaliwa Januari 27, 1894, Rogers Park, kaskazini mwa Chicago, mahali palipokuwa pa Wazungu karibu watupu. Baba yake alikuwa kinyozi, mama yake mshonaji. Jina walimpa kwa heshima ya Frederick Douglass, mtumwa aliyejikomboa akawa sauti kubwa ya kupinga utumwa Marekani. Kaka zake walicheza futiboli kabla yake, na wao ndio waliomfundisha kanuni ya kwanza ya kujihifadhi: matusi yapite, hasira jibu kwa mbio. Aliingia Chuo Kikuu cha Brown, jimbo la Rhode Island, na Januari 1, 1916, akawa mchezaji wa kwanza Mweusi kwenye mechi kubwa ya mwaka mpya ya Pasadena, California, ile ambayo leo inaitwa Rose Bowl. Mvua ilinyesha, uwanja ukawa tope, mbio zake zikakwama humo, na Brown ikalala 14-0 mbele ya Washington State.

Novemba ya mwaka huohuo alilipa deni. Brown iliifunga Yale 21-6, wiki iliyofuata ikaifunga Harvard 21-0, na haikuwahi kabla ya hapo kuzifunga zote mbili katika msimu mmoja. Hao walikuwa wafalme wa futiboli ya vyuo. Walter Camp, ambaye orodha yake ya wachezaji bora wa nchi nzima ilichukuliwa kama hati ya mahakama, alimweka Pollard kati ya wakimbiaji. Hakuna Mweusi aliyewahi kuwekwa kwenye nafasi hiyo kabla yake.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo kwangu linaeleza maisha yake yote uwanjani kuliko takwimu yoyote. Mkimbiaji akishabwagwa, mchezo umesimama. Lakini wapinzani wengi walipomwona Pollard chini walijirusha juu yake kwa makusudi, magoti mbele, wakitumaini kumvunja. Basi alijizoeza kitu. Kila alipoangushwa alijigeuza haraka akalala chali, akainua miguu juu na kuipiga hewani kama anayeendesha baiskeli, njumu zimeelekea angani. Anayetaka kumrukia aje azirukie njumu. Alifanya hivyo tangu shule mpaka alipotundika daluga. Hebu fikiria maana yake: kila baada ya mbio, wakati mwenzake anahema na kunyanyuka, yeye ana kazi ya pili, ya kulinda mbavu zake dhidi ya watu ambao filimbi imeshawaambia waache.

Mwaka 1919 akaitwa Akron. Ulikuwa mji wa matairi ya magari, makao ya Goodyear na Firestone, na viwanda vyake vilikuwa vimejaa vibarua Wazungu kutoka majimbo ya kusini, waliokuja na chuki zao kwenye mabegi. Pollard alisimulia uzeeni kwamba hakuweza kula mgahawani wala kulala hotelini katika mji uliomwajiri. Siku ya mechi alivalia jezi ndani ya kiwanda cha sigara cha Frank Nied, mmoja wa wenye timu, peke yake, halafu gari likatumwa kumchukua na kumpeleka uwanjani mpira ukiwa karibu kuanza. Mashabiki wakamzomea na kumtukana, wa nyumbani wakiwemo. Kisha mpira ukaanza, akaukimbiza, na haohao wakashangilia pointi.

Septemba 17, 1920, wenye timu walikutana mjini Canton, Ohio, katika duka la magari la Ralph Hay. Viti havikutosha, baadhi wakakaa kwenye vikanyagio vya kupandia magari. Hapo ndipo ligi ilipoanzishwa, ikiitwa APFA, yaani American Professional Football Association. Jina la NFL lilikuja 1922. Rais wakamfanya Jim Thorpe, mwanariadha Mhindi Mwekundu aliyekuwa maarufu kuliko wote, kwa sababu jina lake lingeuza magazeti. Kila timu ilipangiwa ada ya dola 100, na George Halas wa timu ya Decatur, aliyekuwepo, alikuja kusema kwamba hakuna aliyelipa. Ratiba haikuwepo. Kila timu ilijitafutia wapinzani na tarehe, mmoja akacheza mechi saba, mwingine kumi na tatu. Wachezaji Weusi walikuwa wawili: Pollard, na Bobby Marshall wa timu ya Rock Island.

Akron ilishinda mechi nane, ikatoka sare tatu, na msimu mzima ikaruhusu pointi saba tu. Mechi ya mwisho ilichezwa Chicago, Desemba 12, dhidi ya Decatur Staleys ya Halas. Ili kujihakikishia, Halas alimchukua Paddy Driscoll, nyota wa timu nyingine ya ligi hiyohiyo, kwa ajili ya mechi hiyo moja. Mamluki mchana kweupe, na hakuna kanuni iliyovunjwa kwa sababu kanuni haikuwepo. Matokeo yakawa sare tasa. Buffalo na Decatur zote zikadai kwamba nazo zina haki ya ubingwa, na kwa kuwa hesabu ya pointi za ligi haikuwa imekubaliwa, pakabaki kura. Kura ikaipa Akron. Wachezaji walipewa kila mmoja kidani cha dhahabu chenye umbo la mpira, na timu ikapewa kombe la fedha lililotolewa na kampuni ya Brunswick-Balke-Collender.

Sasa tuje kwenye suala la ukocha, ambalo ndilo linalozua ubishi mwingi. Kocha wa Akron wa 1920 alikuwa Elgie Tobin, naye pia akicheza. Mwaka 1921 wanatajwa wawili, Tobin na Pollard. Anayepima kwa macho ya leo atauliza: basi nani alikuwa kocha mkuu hasa, na nani msaidizi? Swali hilo halikai sawa kwenye mchezo wa wakati ule. Kanuni zilimzuia kocha kutoa maelekezo kutoka nje ya mstari. Mpira ukishaanza, aliyesimama pembeni na koti lake alikuwa mtazamaji kama watazamaji wengine, na maamuzi yote yalifanywa na walio ndani. Hivyo kocha mchezaji ndiye aliyekuwa kocha kweli. Pollard alieleza kwamba alipofika Akron aliwakuta na mbinu za kizamani, akawaletea zile za Brown, na wenye timu wakawaambia wachezaji kwamba asiyetaka kumsikiliza njia nyeupe. Wazungu wa Ohio, mwaka wa 1921, wanapangiwa mashambulizi na Mweusi, tena kwa amri ya Wazungu wenzao wenye fedha. Kabla ya hapo, hadi 1920, alikuwa kocha wa chuo cha Lincoln, Pennsylvania, chuo cha Weusi. Kwa hiyo kazi hiyo hakuibahatisha.

Mimi nampa ukocha huo bila kusita. Ukumbi wa Wachezaji Mashuhuri wa mchezo huu nao unamtambua hivyo. Wanaomwita Art Shell wa kwanza wanamaanisha wa kwanza katika zama za sasa, ila wengi huacha maneno hayo ya mwisho, na kuyaacha kunamfuta mtu.

Mwaka 1921 Pollard alimvuta Akron rafiki yake Paul Robeson, aliyekuwa anasomea sheria Columbia na kuchezea fedha ya ada. Mwaka uliofuata wote wawili walihamia Milwaukee Badgers, na huko Robeson akafunga tachidauni mbili dhidi ya Oorang Indians, timu ya Jim Thorpe. Ni Robeson huyuhuyu ambaye dunia ilikuja kumjua kwa sauti yake nzito ya uimbaji, na ambaye miaka ya 1930 alijifunza Kiswahili London. Wanaojifunza lugha yetu ng'ambo ni wengi; waliowahi kumwangusha Thorpe ni wachache.

Baada ya Milwaukee, Pollard akachezea Hammond ya Indiana, akaenda kwenye ligi ya miji ya makaa ya mawe ya Pennsylvania, akarudi Hammond, akapita Providence, akamalizia Akron mwaka 1926. Kuhamahama huko kusikuchanganye. Hakufukuzwa kila mahali. Timu zenyewe zilikuwa zinaishi kwa mapato ya mlangoni, na mchezaji mwenye jina aliuza huduma yake palipolipa wiki hiyo. Takwimu za kuonyesha alikimbia umbali gani hakuna, kwa sababu ligi ilianza kuweka takwimu rasmi mwaka 1932. Alicheza enzi zake zote gizani, kwa maana ya kumbukumbu. Anayemlinganisha na wa baadaye kwa namba analinganisha daftari na kurasa tupu.

Ulegevu ule ulianza kumgeukia mwaka 1927. Msimu wa 1926 ligi ilikuwa na timu 22. Msimu uliofuata zilibaki 12. Miji midogo ikaachwa, na ndiyo iliyokuwa imewaajiri wachezaji Weusi. Nafasi zikawa chache, wenye timu wakachagua, na mwaka huo Mweusi aliyebaki kwenye ligi nzima alikuwa mmoja, Duke Slater, pandikizi la mtu wa safu ya mbele. Pollard alikuwa na miaka 33. Ungeweza kusema umri umemfikia, na kwa yeye peke yake huenda ni kweli. Lakini angalia kilichofuata. Mdororo wa uchumi ukaingia, mamilioni wakakosa kazi, na kumlipa Mweusi acheze wakati Wazungu wamekaa vijiweni kukawa jambo la kulaumiwa hadharani. Mwaka 1932 akaingia George Preston Marshall na timu yake ya Boston, ambayo baadaye aliihamishia Washington, mtu ambaye hakuficha kwamba hataki Weusi. Msimu wa 1933 walikuwepo wawili, Joe Lillard wa Chicago Cardinals na Ray Kemp wa Pittsburgh. Msimu wa 1934 hakuna.

Hapa ndipo watafiti wanapogonga ukuta. Hakuna muhtasari wa kikao, hakuna azimio, hakuna barua. Halas, aliyekuwa na timu miaka yote hiyo, alikana hadi mwisho kwamba palikuwa na makubaliano. Na kama huna karatasi, unamshitaki nani? Wenye timu tisa au kumi, kila mmoja anasema yeye binafsi hakupata Mweusi anayefaa, kwa miaka kumi na miwili mfululizo. Siamini hata kidogo kwamba ilikuwa sadfa. Watu waliozoea kuendesha ligi kwa mdomo hawakuhitaji kuandika hili. Ilitosha kila mmoja ajue mwenzake anajua.

Pollard alijibu kwa vitendo. Mwaka 1928 alikuwa ameshaunda Chicago Black Hawks, timu ya Weusi iliyozunguka kucheza na timu za Wazungu, akitaka kuonyesha kwamba rangi mbili zinaweza kukutana uwanjani bila ghasia. Mdororo ukaiua. Mwaka 1935 akawa kocha wa Brown Bombers wa New York, waliopewa jina la utani la bondia Joe Louis, na mmoja wa aliowachukua ni Lillard yuleyule aliyekuwa ameachwa na NFL. Timu ilikuwa nzuri. Ilizialika timu za NFL za mjini humo na hazikuja. Pembeni aliendesha biashara: kampuni ya uwekezaji ya Chicago, iliyofilisika mwaka 1931, kisha gazeti huko New York. Mwanawe, Fritz mdogo, alipata medali ya shaba ya mita 110 kuruka viunzi kwenye Olimpiki ya Berlin, 1936.

Mlango uliofungwa kwa mdomo ulifunguliwa kwa karatasi. Mwaka 1946 timu ya Rams ilihama kutoka Cleveland kwenda Los Angeles na kuomba kutumia uwanja wa Coliseum. Uwanja ule ni mali ya umma. Waandishi wa magazeti ya Weusi, Halley Harding akiwa mbele, walisimama mbele ya tume ya uwanja na kuuliza vipi mali iliyojengwa kwa kodi ya wote ikodishwe kwa timu inayokataa baadhi yao. Rams ikamsajili Kenny Washington, halafu Woody Strode. Marshall wa Washington alikaza shingo miaka kumi na sita zaidi. Naye alipatikana hukohuko kwenye mkataba wa pango: uwanja mpya wa Washington ulikuwa kwenye ardhi ya serikali kuu, na Waziri Stewart Udall akamwambia achague kati ya ubaguzi na uwanja. Mwaka 1962 Bobby Mitchell alivaa jezi ya Washington.

Pollard aliyaona yote hayo akiwa hai. Mwaka 1954 aliingizwa katika Ukumbi wa Wachezaji Mashuhuri wa futiboli ya vyuo, na mwaka 1981 Brown ikampa shahada ya heshima. Ukumbi wa futiboli ya kulipwa uko Canton, mji uleule wa duka la magari, na ulifunguliwa mwaka 1963. Alisubiri. Alifariki Mei 11, 1986, huko Silver Spring, Maryland, akiwa na miaka 92, na ukumbi ule haukuwa umemwita. Miaka mitatu baadaye Raiders wakampa Art Shell timu, na ndipo wengine walipoanza kuuliza huyu Pollard anayetajwa ni nani. Aliingizwa mwaka 2005. Duke Slater ikabidi asubiri mpaka 2020.

Lile kombe la fedha la 1920 lilitolewa mara ile moja tu. Mahali lilipo hapajulikani.